Uzi: Kasisi wa jeshi hana bunduki wala hatoi amri. Anafanya nini kikosini?

#1 MchungajiMstaafu

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Wiki iliyopita, katika mjadala mwingine uliohusu bajeti za ulinzi, mchangiaji mmoja aliandika kwamba kasisi wa jeshi ni mtu anayelipwa mshahara wa afisa kwa kazi ya kuongoza ibada na kubariki magari mapya. Sikumjibu pale kwa sababu mada ilikuwa nyingine, lakini maneno yake yamenikaa moyoni. Niliivaa sare hiyo kwa miaka 19, na sasa nimestaafu, kwa hiyo sina cheo cha kutetea. Ninataka kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kisha nanyi mchangie, hasa mliowahi kuishi kambini au kuolewa na mtu wa kambini.

Nianze mbali kidogo. Neno kapelani, yaani kasisi wa kikosi, asili yake ni nguo. Martin wa Tours, aliyekuwa askari wa Kirumi katika karne ya 4, anasimuliwa kwamba alikata joho lake kwa upanga langoni mwa mji wa Amiens, akampa nusu yake maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Kile kilichoaminiwa kuwa joho hilo kilikuja kuwa hazina ya wafalme wa Wafaranki, waliokibeba hata walipokwenda vitani, na makasisi waliokitunza wakaitwa kwa jina la vazi lenyewe, ambalo kwa Kilatini ni cappa. Baadaye, katika mtaguso, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, ulioongozwa na askofu Bonifasi kwenye miaka ya 740, ilikubaliwa kwamba mtawala anaweza kufuatana na makasisi vitani kwa ajili ya ibada na maungamo, na papo hapo wakakatazwa kubeba silaha. Tazameni basi jinsi sharti la kutoshika silaha lilivyo la zamani. Limeitangulia sheria yoyote ya kimataifa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Sheria ya kimataifa ilikuja kulithibitisha. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 uliwaweka makasisi pamoja na wahudumu wa majeruhi chini ya ulinzi, na Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa mwaka 1949, Ibara ya 24, unaagiza kwamba makasisi walioambatanishwa na majeshi waheshimiwe na walindwe katika hali zote. Itifaki ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba hiyo, inaeleza kwamba hawahesabiwi kuwa wapiganaji. Kasisi huvaa kwenye mkono wa kushoto kitambaa chenye alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu, kama daktari wa kikosi, na akiangukia mikononi mwa adui hahesabiwi kuwa mfungwa wa vita. Anaweza kuzuiliwa tu kwa kadiri mateka wenzake wanavyohitaji huduma yake. Kila ninapoisoma ibara hiyo humkumbuka Emil Kapaun, padri wa jeshi la Marekani, ambaye mwezi wa Novemba 1950 kule Unsan, Korea, alikataa kuwaacha majeruhi ingawa alikuwa na nafasi ya kuondoka. Akiwa kambini aliiba chakula kwa ajili ya mateka wenzake, akawafulia nguo waliokuwa wakiharisha, akasali nao kwa siri, mpaka naye akafariki dunia tarehe 23 Mei 1951. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2021.

Hata hivyo, siku nyingi za kasisi hazifanani na hizo. Siku nyingi ni za kutembea. Unapita karakana, jikoni, zahanati, lindoni usiku wa manane, unakaa na makuruti wanaosafisha silaha, unasikiliza habari za mpira na za mikopo, na watu wanakuzoea. Kasisi anayekaa ofisini akisubiri kufuatwa atasubiri mpaka astaafu. Yule ambaye askari amemwona akilowa mvua ileile ndiye atakayefuatwa siku jambo zito litakapotokea, na hata siku hiyo askari hatasema kwamba ana jambo zito. Atasema anataka kuuliza habari za likizo.

Suala la cheo ni gumu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Katika majeshi mengi kasisi hupewa cheo cha afisa, na cheo hicho humfungulia milango ya wakubwa lakini humfungia midomo ya wadogo. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lina desturi ninayoipenda sana: kasisi wake hana cheo, na huhesabiwa kuwa na cheo cha yule anayezungumza naye wakati huo, awe admeri au baharia mgeni kabisa. Vilevile mwezi wa Desemba 1915, katika mji wa Poperinge nchini Ubelgiji, nyuma kidogo ya mapambano ya Ypres katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kasisi Philip Clayton alifungua nyumba ya mapumziko iliyoitwa Talbot House, na mlangoni pa chumba chake akaweka maandishi yaliyomtaka kila anayeingia aache cheo chake nje.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kambini, karibu kila kitu askari anachokisema kinaweza kugeuka kuwa karatasi katika faili lake. Akimwambia sajenti, ni taarifa. Akimwambia daktari, huenda ikaathiri usalama wa kazi yake na ruhusa yake ya kushika silaha. Akimwambia rafiki yake, kesho wako zamu moja. Kasisi ndiye mtu pekee aliyewekwa na jeshi lenyewe ili kuwe na sikio lisiloandika, na mkimwondoa huyo, sioni ni nani atakayeshika nafasi hiyo.

#2 Mdadisi

Shikamoo Mchungaji. Nimesoma kwa makini na ninaheshimu utumishi wako, lakini nina maswali ambayo ninaomba uyajibu bila kuyazunguka.

La kwanza, mtumishi mmoja hawezi kuwatumikia mabwana wawili, na hilo limo katika kitabu chako mwenyewe. Jeshi linamlisha kasisi, linamvisha, linampandisha cheo. Siku jeshi hilo litakapofanya uovu, atasimama upande gani? Historia inatuonyesha viongozi wa dini wakiombea mizinga, na askari wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani ya Hitler walivaa mikanda yenye maandishi yasemayo kwamba Mungu yu pamoja nao.

La pili, kwa nini fedha za umma zilipie dini? Tuna wanasaikolojia waliosomea kazi hiyo, na hao wanaweza kumhudumia mwenye dini na asiye na dini kwa usawa.

La tatu ni ombi. Umeeleza sana kuhusu sikio lisiloandika. Tupe mfano mmoja kutoka katika miaka yako 19, hata bila majina, ili sisi ambao hatujawahi kuvaa sare tuelewe.

#3 MchungajiMstaafu

Marahaba Mdadisi. Ninaanza na ombi lako, kwa sababu jibu lake ni fupi: mfano sitautoa. Hata nikibadilisha majina, mahali na mwaka, mtu aliyeniambia anaweza kuwa anasoma hapa, na atajitambua katika sentensi ya kwanza. Akishajitambua, atajiuliza ni nani mwingine aliyesimuliwa, na yule kijana aliye kambini leo, anayetafakari kama amwendee kasisi wake, atabaki na mzigo wake. Nisamehe kwa hilo.

Swali la mabwana wawili ni la haki na limenikosesha usingizi mara nyingi. Sitakana kwamba makasisi wamewahi kubariki maovu. Hata mifano unayoitaja siyo ile inayoniuma zaidi, kwa kuwa aliyepiga kelele kwa ajili ya uovu anaonekana na kila mtu. Anayenitisha ni aliyenyamaza. George Zabelka, padri Mkatoliki, alikuwa kasisi katika kisiwa cha Tinian, akiwahudumia askari wa anga wa kikosi kilichodondosha mabomu ya atomiki kule Hiroshima na Nagasaki mwezi wa Agosti 1945. Miaka mingi baadaye alikiri hadharani kwamba alijua miji iliyojaa raia ilikuwa ikichomwa moto, na kwamba hakuwahi kuhubiri hata mara moja kupinga jambo hilo mbele ya vijana waliokuwa wakilitenda. Aliitumia sehemu iliyobaki ya maisha yake kuhubiri amani. Habari zake nilizisoma nikiwa kapteni, na nilipozimaliza nilitoa mahubiri yangu yote ya mwaka ule kwenye droo, nikaanza kuyapitia moja baada ya jingine nikitafuta mahali ambapo nami nilinyamaza. Nilipapata, zaidi ya mahali pamoja.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hatari uliyoitaja ipo, na dawa yake ni namna kazi inavyopangwa. Ujerumani Magharibi ilipounda jeshi jipya baada ya vita, ilitia saini mkataba na Kanisa la Kiprotestanti mwaka 1957, na chini ya mpango huo makasisi hawana cheo cha kijeshi wala hawapokei amri ya jeshi kuhusu mahubiri na uchungaji wao. Ni watu walioonja matokeo ya kasisi aliyemezwa na dola, wakaweka ukuta. Mimi binafsi ningependa majeshi yote yafuate njia hiyo, ingawa najua wenzangu wengi waliopenda nyota za mabegani hawatakubaliana nami. Ushauri kwa kamanda nao ni sehemu ya kazi. Kasisi mwenye uzito anaweza kuingia ofisini kwa kamanda, akafunga mlango, akamwambia kwamba kikosi kimeanza kuwaita wanakijiji wadudu, na kwamba kikosi kinachoanza na lugha hiyo huwa hakiishii kwenye lugha.

Kuhusu fedha za umma, hoja yako ilikwisha kufikishwa mahakamani. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa sheria wa Chuo Kikuu cha Harvard waliishtaki serikali ya Marekani wakidai kwamba makasisi wa jeshi la nchi kavu wanavunja katiba. Rufaa iliamuliwa mwaka 1985, katika kesi ya Katcoff dhidi ya Marsh, na kwa sehemu kubwa jeshi lilishinda. Fikra iliyo nyuma ya uamuzi huo inaeleweka hata na asiyekuwa mwanasheria: serikali inapomtoa mtu nyumbani kwake na kumpeleka mahali asipoweza kuufikia msikiti, kanisa wala sinagogi lake, ikakataa pia asifikiwe, hapo inakuwa imemnyang'anya dini yake kwa vitendo. Raia mwenye huzuni anaweza kuchagua pa kwenda. Askari aliye katika doria ya miezi sita hawezi.

Kuhusu wanasaikolojia nitarudi, kwa sababu sikubali kwamba ni wapinzani wetu.

#4 UstadhiWaKikosi

Assalaam alaykum wanajukwaa, na heshima kwako Mchungaji. Mimi nimekuwa mwalimu wa dini wa vikosi kwa miaka kadhaa, na ningependa kuongeza upande ambao mijadala hii huusahau, yaani maswali ya kila siku ambayo askari Mwislamu hana wa kumuuliza isipokuwa imamu wa jeshi.

Watu hudhani kijana aliye vitani anauliza maswali ya falsafa. Anauliza kuhusu buti. Yuko doria, ana udhu, anaweza kupaka maji juu ya buti bila kulivua? Unamweleza hukumu ya kupaka juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, kwamba mkaazi ana mchana na usiku wake na msafiri ana siku tatu na usiku zake, na kwamba buti lifunikalo vifundo, likiwa limevaliwa mtu akiwa na twahara, wanazuoni wengi wamelikubali. Anauliza kuhusu tayammamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, maji ya chupa yanapotosha kunywa tu. Anauliza kama anaweza kujumuisha swala za Adhuhuri na Alasiri na kuzifupisha. Anauliza kuhusu saumu akiwa safarini, na wewe unamkumbusha kwamba rukhsa ya msafiri imo ndani ya Qur'ani yenyewe, na kwamba kijana anayezimia lindoni kwa kiu anawahatarisha wenzake. Mambo haya yanaonekana madogo kwa aliyekaa sebuleni. Kwa yule aliye na hofu kwamba huenda leo ndiyo siku yake ya mwisho, kutojua kama swala yake ya asubuhi ilisihi ni mateso.

Qur'ani imelitazama jambo hili tangu mwanzo. Aya ya 102 ya Sura An-Nisaa inaeleza swala ya khofu, yaani swala ya wakati wa hatari: kundi moja linasimama na Mtume kuswali likiwa na silaha zake, kundi jingine linalinda, kisha wanabadilishana. Nimewahi kuisomesha aya hiyo mbele ya kombania moja, na ofisa asiyekuwa Mwislamu aliyekuwa amesimama nyuma akaniambia baada ya darsa kwamba huo ni mpangilio wa zamu ambao angeweza kuufundisha kesho.

Halafu kuna mauti. Imamu ndiye anayejua kwamba kwa wanazuoni walio wengi shahidi wa vitani haoshwi na huzikwa na nguo zake, na ndiye atakayesimama mbele ya mhifadhi maiti aliyeandaa utaratibu mmoja kwa miili yote. Mkataba wa Kwanza wa Geneva, Ibara ya 17, unataka waliokufa wazikwe kwa heshima na, inapowezekana, kwa taratibu za dini yao. Lakini ibara haijitekelezi yenyewe, lazima pawe na mtu anayezijua taratibu hizo.

Nchi nyingi zimechelewa. Jeshi la Marekani lilianza kuwa na makasisi mwaka 1775, na lilimpata kasisi wake wa kwanza Mwislamu, Abdul-Rasheed Muhammad, mwaka 1993. Ujerumani ilipata rabi wake mkuu wa jeshi, Zsolt Balla, mwaka 2021. Uholanzi kwa upande wake imekuwa na washauri wa kibinadamu wasiofuata dini tangu miaka ya 1960, na Mdadisi atapendezwa na hilo.

Pamoja na hayo, kila mmoja wetu huwahudumia wote. Nimewahi kumshika mkono Mkristo aliyekuwa akikata roho, padri akiwa mbali, nikamsomea Zaburi ya 23 kutoka kwenye kitabu kidogo alichokuwa nacho mfukoni, kwa sababu aliniomba. Sikuona kwamba imani yangu imepungua. Tarehe 3 Februari 1943 meli ya askari wa Marekani, Dorchester, ilipigwa na topido karibu na Greenland ikiwa na watu zaidi ya 900, na walioponea ni 230. Makasisi wanne waliokuwamo, Mmethodisti, rabi, mchungaji wa Kanisa la Matengenezo na padri Mkatoliki, waligawa maboya ya kujiokolea, na maboya yalipokwisha wakavua yao wenyewe wakawapa vijana waliokuwa karibu. Hawakumuuliza mtu dini yake kabla ya kumvika.

#5 MjaneWaSajenti

Nawasalimu wote. Sina elimu ya mikataba, lakini mume wangu alikuwa sajenti, na kuna jambo moja ninaloweza kulisema.

Siku waliponiletea habari walikuja watu wawili. Afisa alisimama akasoma maneno aliyokuwa ameyaandaa, na simlaumu, kwa sababu alikuwa kijana na sauti yake ilikuwa ikikatika. Aliyekuja naye alikuwa kasisi. Mimi sikumbuki alisema nini. Ninachokumbuka ni kwamba sufuria ilikuwa jikoni ikianza kuungua, na katikati ya vilio vyangu niliisikia harufu nikashindwa kuinuka, naye akaenda akazima jiko, akafungua dirisha, akarudi akaketi sakafuni nilipokuwa nimekaa, na sare yake ya heshima. Mwanangu mdogo aliporudi kutoka shule, kasisi ndiye aliyemfungulia mlango, akamshusha mkoba begani, akamleta kwangu bila kumwambia lolote, kwa sababu alijua kwamba habari ile nilipaswa kumpa mimi.

Sasa nitoe na dukuduku langu. Baada ya mazishi, baada ya tarumbeta na bendera iliyokunjwa, kasisi huyo alihamishwa kituo. Aliyemfuata hakuwahi kuja. Niliandika barua kikosini mara mbili nikiomba mtu azungumze na mwanangu, ambaye alikuwa ameanza kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, na sikujibiwa. Mchungaji, kama huduma hii ni ya jeshi, je, sisi tuliobaki si wa jeshi tena kuanzia siku bendera inapokunjwa?

#6 MchungajiMstaafu

Mama, pole sana, na sitakupa jibu la kujitetea. Umesema kweli. Huduma yetu imejengwa kufuata kikosi, na kikosi kinasonga mbele. Familia inabaki pale ilipo, na daftari la kasisi aliyehamishwa mara nyingi linahama naye au linachanwa. Nilipokuwa kazini nilijiwekea utaratibu wa kuandika tarehe za vifo vyote katika kalenda na kuwapigia simu wajane kila mwaka tarehe hiyo, lakini huo ulikuwa utaratibu wangu, haukuwa wa jeshi, na nilipostaafu sina hakika kama kuna aliyeuendeleza. Jambo hili linapaswa kuandikwa katika kanuni: kasisi anayeondoka amkabidhi anayeingia orodha ya wafiwa, ana kwa ana, kama anavyokabidhi funguo. Nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu mwanao.

#7 Mdadisi

Mama, pole. Ustadhi, nashukuru; sikujua habari za Uholanzi.

Mchungaji, nimebakiwa na swali moja tu, na sasa ninaliuliza kwa kutaka kujua kwelikweli. Askari akikuambia kwamba usiku huu anataka kujiua, na ana silaha, sikio lisiloandika litafanya nini?

#8 MchungajiMstaafu

Sheria zinatofautiana. Katika baadhi ya majeshi kasisi amefungwa na siri moja kwa moja, bila kibali cha kuivunja hata pale uhai unapokuwa hatarini; katika mengine anaruhusiwa kutoa taarifa pakiwa na hatari ya kifo. Na kwa padri Mkatoliki, yaliyosemwa katika kitubio, yaani maungamo ya dhambi, hayasemwi popote, chini ya sheria yoyote ya nchi yoyote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kasisi ni kumwambia askari mapema, kabla hajafungua kinywa, mipaka ya siri yake iko wapi. Anayeahidi siri asiyoweza kuitunza amemsaliti mtu kabla ya kuanza.

Ama usiku wenyewe, kasisi haondoki. Hilo ndilo la kwanza na la mwisho. Utamwuliza waziwazi kama anataka kufa, kwa neno hilohilo, kwa sababu kulizunguka neno kunamwambia kwamba hata wewe unaliogopa. Utamwomba akukabidhi bunduki yeye mwenyewe, au muipeleke ghalani pamoja. Kisha mtakaa. Ikifika alfajiri mtatembea pamoja mpaka kwa daktari, na yeye ndiye atakayesema, wewe ukiwa umesimama kando yake. Siri haijavunjwa, mwenye siri ameibeba mwenyewe mpaka mahali pa msaada, na wewe umemsindikiza.

Hapo ndipo ninaporudi kwa wanasaikolojia. Mtu anayeruka kitandani kila mlango unapogongwa, asiyelala, anayeuona mlipuko uleule mbele ya macho yake, anahitaji tiba, na kasisi anayemwambia kwamba sala peke yake inatosha anamdhuru. Lakini kuna maumivu mengine ambayo wataalamu wenyewe, tangu miaka ya 1990 alipoandika daktari Jonathan Shay aliyewatibu wapiganaji wa Vietnam, wameyatofautisha na woga. Ni jeraha la dhamiri. Mwenye jeraha hilo haogopi kilichompata. Anakitazama alichokitenda, au alichoshindwa kukizuia, na anaamini kwamba amepoteza haki ya kuitwa mtu mwema. Ukimwambia kwamba huo ni ugonjwa, anakuona kwamba humwelewi, maana yeye anajua kwamba dhamiri inayouma ni dhamiri iliyo hai. Dini zimeishi na jambo hili kwa maelfu ya miaka. Zina maneno ya toba, fidia, kufunga, maombolezo na msamaha, na zina mtu ambaye kazi yake ni kulisikia kosa lote bila kulipunguza na bila kukimbia.

Theodore Hardy, kasisi Mwingereza aliyeingia jeshini mwaka 1916 akiwa na zaidi ya miaka 50, alikuwa akienda usiku mpaka kwenye mahandaki ya mbele kabisa, na alipowakaribia askari gizani alijitambulisha kwa kuwaambia tu kwamba ni yeye. Alitunukiwa nishani tatu kubwa za ushujaa, ikiwamo ya juu kuliko zote ya Uingereza, na akafa kwa majeraha mwezi wa Oktoba 1918. Sijawahi kusikia askari wake yeyote akinukuu mahubiri yake. Walikumbuka ile sauti gizani.

#9 KoploZamani

Shikamoo Mchungaji, shikamoo Ustadhi. Mama, pole sana.

Nimesoma ulipokataa kutoa mfano, Mchungaji, na nimekaa na jambo hilo siku mbili. Nimeamua kutoa wangu, kwa kuwa siri hii ni yangu mwenyewe na ninayo ruhusa ya kuifungua. Nchi sitaitaja.

Tuliwekwa kwenye kizuizi cha barabarani. Jioni gari lilikuja bila kupunguza mwendo. Nilifuata taratibu zote: nilipunga mkono, nilipiga risasi moja hewani, kisha nikafanya nilichofundishwa kufanya. Uchunguzi ulifanyika, ukaona kwamba sikuwa na kosa. Ndani ya gari kulikuwa na mwanamume na binti yake mdogo. Fundi wetu alilikagua gari lile akakuta breki zake zimekufa.

Usiku wa nne nilikwenda kwenye hema la kasisi wetu, padri wa dhehebu ambalo si langu, nikamwambia kwamba kifungo cha shati langu kimekatika, ninaomba kuazima sindano na uzi. Aliinua taa akaliangalia shati. Vifungo vyote vilikuwapo. Hakusema neno, alifungua sanduku lake, akatoa sindano na uzi mweusi, akasogeza maboksi ili nipate pa kukaa. Nilikikata kifungo cha pili kwa meno ili nipate cha kushona. Mikono ilikuwa ikitetemeka, uzi ukakataa kuingia tunduni. Akaichukua sindano, akautunga uzi, akanirudishia, akaendelea kukaa.

Nilikishona kifungo kile na kukikata tena mara tatu au nne, na muda wote huo nilikuwa nikizungumza. Hakuniambia kwamba Mungu amenisamehe. Wala hakuniambia kwamba sikuwa na kosa, jambo ambalo nilikuwa nimeshaambiwa na watu wengi wenye vyeo bila kupata nafuu yoyote. Nilipomaliza aliniuliza kama ninalijua jina la yule mtoto. Nilikuwa ninalijua, kwa sababu mkalimani alilitaja mbele yangu siku ile, lakini nilikuwa sijawahi kulitamka. Akaniambia nilitamke. Ilinichukua muda mrefu sana. Kisha akamwombea mtoto yule kwa jina lake, na baba yake, na mwishoni mimi.

Sindano hakuitaka tena. Nimeichomeka ndani ya ukosi wa sare yangu ya zamani, kabatini, na uzi wake mweusi ungalimo. Padri amezeeka sasa na haoni vizuri. Kila mwaka, tarehe ile, hunipigia simu, na kabla hata hatujasalimiana hulitaja jina lile, nami huitikia.